Rafiki Anayekutaja Usipokuwepo

Hotuba niliyoitoa mbele ya vijana wa kikundi cha kusoma, katika ukumbi mmoja wa Kadutu, mjini Bukavu, Kongo. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Wazee wetu, mama zangu na baba zangu, ndugu na dada, na ninyi vijana mlioniita: jambo sana. Mvua ya mchana imeacha utelezi mtupu kwenye njia za huku, na bado mmepanda mlima mkajaza ukumbi. Mungu awalipe.

Ujumbe wenu ulikuwa na swali moja tu. Mliniuliza: mwalimu, katika watu wote uliokutana nao vitabuni, watu ambao hawakuzaliwa na mama yeyote, nani ungependa awe rafiki yako? Nilikuwa nimekaa barazani nachambua maharagwe. Jibu lilinitoka mdomoni kabla sijaweka ungo chini: Karama. Kilichonichukua siku nyingi ni kujua kwa nini, na hicho ndicho nimekuja kuwaeleza jioni hii.

Karama ni mtu wa Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951. Mwandishi huyo alizaliwa mwaka 1909 huko Tanga, akafanya kazi ya ukarani katika serikali ya kikoloni kwa miaka mingi. Alikiandika Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, sisi tukiwa chini ya Wabelgiji na mji wetu huu ukiitwa Costermansville na wakubwa wa wakati huo. Wasomi wengi wanaona kwamba ndiyo sababu nchi aliyoiandika haikai ardhini. Inaelea angani, mahali ambapo hakuna mkubwa wa kusema, umenisema mimi. Na kwa kuwa inaelea, haina pande nne kama nchi nyingine. Ina pande sita: juu yake iko mbingu, na chini yake iko ardhi.

Katika nchi hiyo Karama anashtakiwa. Hakuiba, hakuua, hakumtukana mtu. Kosa lake ni kufundisha watu sheria. Majivuno, mkubwa mmoja wa barazani, anamshtaki mbele ya Mfalme Jeta, anataka aadhibiwe vikali, na Karama anapewa nafasi ya kujitetea.

Sasa kila mmoja ajiweke pale. Umesimama, macho yote yako juu yako, na maisha yako yamo ndani ya ulimi wako. Utasema nini? Mimi najua ningesema nini. Ningesema: sikufanya, mimi ni mtu mwema, waulizeni majirani. Karama hasemi hivyo. Anaanza kusimulia habari za mtu mwingine, Buruhani, aliyetumwa Mashariki. Siku nyingine anasimulia habari za Fadhili, aliyetumwa Kaskazini. Halafu Kabuli wa Magharibi, Auni wa Kusini, Ridhaa aliyetumwa Mbinguni, Amini aliyetumwa Ardhini. Ni wajumbe sita waliokwenda pande sita kutafuta mambo ya kuifaa nchi yao. Walipata taabu, wakarudi na walichojifunza, na kila mmoja aliporudi alitupwa gerezani. Nchi ikawasahau. Baraza lililozoea kuwafunga watu wa namna hiyo ndilo linaloketi kumsikiliza Karama, na yeye analiwekea majina yao mezani, moja moja, siku baada ya siku.

Tusimame kidogo kwenye majina hayo, maana mwandishi hakuyaokota njiani. Buruhani ni ushahidi. Fadhili ni wema. Kabuli ni kukubali, Auni ni msaada, Ridhaa mnaijua, Amini ni uaminifu. Yasomeni tena mkiwa mmefumba macho: ushahidi, wema, msaada na uaminifu wamefungwa, na Majivuno yuko nje, amevaa vizuri, anasema barazani. Nilipokuwa kijana niliusoma ukurasa huo nikapita. Siku hizi siwezi kuupita.

Kuna methali yetu ya Kiswahili inayosema, asiyekuwepo na lake halipo. Mnaijua, na mnajua jinsi inavyofanya kazi. Mgao wa chakula unapofika, asiyekuwepo hana. Mkutano wa familia juu ya parseli, kiwanja cha marehemu, aliye Kinshasa au Kindu anakuta mambo yamekwisha. Hata kwenye mazungumzo ya jioni, anayetoka kwenda msalani ndiye anayesengenywa. Methali hiyo haitoi amri, inasema tu jinsi dunia ilivyo. Na rafiki, kwa maoni yangu, ni yule anayeifanya methali hiyo iwe ya uongo. Wewe hupo, na lako lipo, kwa sababu yeye yupo.

Watu wamezoea kunijibu kwa methali nyingine, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Sawa. Lakini kwenye dhiki mara nyingi na wewe mwenyewe upo, unaona nani amekuja na unga, nani amekuja mikono mitupu. Anayekusaidia anajua unamwona. Mahali usipokuwepo hakuna wa kumwona. Pale hana faida, ana hasara tu. Karama angeweza kunyamaza juu ya wale sita na asiulizwe na mtu yeyote.

Nitawasimulia jambo lililonipata, kwa sababu bila hilo nisingeelewa kitabu hiki hata ningekisoma mara kumi.

Nilifundisha katika shule moja hapa mjini, siitaji. Siku moja bahasha ya minervali, ile karo ya shule, ya darasa langu ilipotea kabatini. Nilikuwa nimeihesabu mwenyewe, noti kwa noti, nikaandika jumla kwa bic juu ya bahasha, nikafunga kabati. Asubuhi bahasha haikuwepo. Saa nne niliitwa chumba cha walimu. Prefe, mkuu wa shule, alikuwa amekaa mwisho wa meza, walimu wote pande mbili, na mbele ya kiti kilichobaki, kiti changu, waliweka karatasi nyeupe na kalamu ili niandike kwamba nimekubali. Niliitazama ile karatasi. Ilikuwa na alama ya kikombe cha chai kwenye pembe.

Walimu wenzangu, watu niliokuwa nakula nao, niliowalilia misiba yao, walikuwa wanatazama mikono yao. Siwalaumu kama nilivyowalaumu siku ile. Kila mmoja alikuwa na watoto, na mshahara wenyewe mnaujua.

Aliyezungumza alikuwa mzee wa zamu, mlinzi wa usiku wa shule. Hakuwa kwenye kikao, alikuwa mlangoni na koti lake la mvua, ameleta kitabu cha usiku kitiwe saini. Alivua kofia akasema, na maneno yake ninayo mpaka leo: "Prefe, naomba ruhusa. Kabati ile iko na funguo mbili. Mwalimu iko na moja tu. Na mwaka uliopita mulimufukuza mama wa kufagia kwa sababu ya bahasha kama hii. Yeye hakukuwa na ufunguo hata moja."

Alimtaja yule mama kwa jina lake na la baba yake, yote mawili. Mimi silitaji hapa kwa sababu mwenyewe hakunipa ruhusa ya kulileta kwenye mkutano, na jina la mtu ni mali yake. Lakini mzee alilitaja.

Chumba kilinyamaza. Hakuna aliyeomba msamaha, na kuhusu ufunguo wa pili hakuna aliyeulizwa mbele yangu. Ile karatasi iliondolewa mezani, nikarudi darasani. Nilibaki kazini.

Usiku ule umeme ulikuwa umekatika. Niliwasha kitadowa, na kwa kuwa usingizi haukuja, nikachukua kitabu kilichokuwa karibu. Kilikuwa Kusadikika, nakala ambayo kaka yangu aliniletea zamani kutoka Kigoma, alipokuwa akienda huko kununua vitenge, imechakaa, haina jalada. Nilifika pale Karama anapoanza kusimulia habari za Buruhani na nikakiweka chini, nikalia. Nilikuwa nimemwona mtu huyo asubuhi. Alikuwa mlangoni na koti la mvua.

Na nililia kwa sababu ya jambo la pili, ambalo sijalisema mbele ya watu wengi. Siku yule mama wa kufagia alipofukuzwa, mimi nilikuwepo. Nilikuwa dirishani na chaki mkononi. Nilimwona akishuka ngazi za shule na beseni lake kichwani, kitambaa cha kufutia bado kimelowa, kinadondosha maji mgongoni mwa kitenge chake. Na mimi, mwalimu, nilisema moyoni: labda alichukua kweli. Nikageuka, nikaendelea na somo.

Kwa hiyo nikisema nataka Karama awe rafiki yangu, simtaki kwa ajili ya kunifurahisha. Namtaka kwa sababu ninapokaa naye mdomo wangu unapata kazi ambayo peke yake haukuifanya.

Najua mmoja wenu ataniambia, na kwa kweli mmoja ameshaniambia nje pale, kwamba mtu wa kitabuni hawezi kuwa rafiki. Hapokei simu. Huwezi kumkopa hata franki chache za mototaksi. Ukiwa na kilio hatakuja kukesha nawe. Mdogo wangu, ni kweli yote. Kama huna watu wa kukesha nawe, kitabu hakitawasha moto wala kupika chai, na asikudanganye mtu. Nasema tu kwamba urafiki una kazi nyingi, na mojawapo ni hii: kuwepo mtu ambaye, ukiwa karibu kufanya jambo la aibu, unamkumbuka uso. Karama hana uso. Kwangu mimi amepewa uso wa mzee wa zamu, na huo unatosha.

Wengine watasema huyo ni wa watu wa pwani, Kiswahili chake ni cha kule, kinatupita mbali. Hapo nawauliza: sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu la Kivu, ni wa wapi? Leo hakuna meza ya Bukavu isiyowajua. Usiku mkitazama ziwani mnaziona taa za wavuvi, na upepo ukiwa mzuri mnawasikia wakiimba kwenye mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Lakini sambaza hawakuwemo katika Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika, wakamwagwa hapa mwishoni mwa miaka ya 1950. Wazee waliomo humu ukumbini walizaliwa kabla samaki hao hawajafika. Je, kuna anayesema sambaza ni wageni? Tumewala, wametulea, wamekuwa wetu. Kitabu nacho ni hivyo. Kilivuka kwa njia ile ile ya Tanganyika, na ukikila kinakuwa chako.

Ninajiuliza Karama angefanya nini kama angekuwa na chumba cha kupanga hapa Kadutu. Nadhani asingekuwa na ofisi. Angekuwa anakaa na mama zetu kwenye mawe nje ya buloko, mahabusu ya polisi, wale wanaopeleka chakula asubuhi kwenye sahani iliyofunikwa na kitambaa. Mnawajua. Mtoto ni motari, dereva wa mototaksi, amekamatwa jioni, mama hajui ni kwa nini, anachojua ni kwamba inatakiwa sahani na inatakiwa pesa. Karama angemuuliza: mama, wamemshika tangu lini? Angemsomea Katiba yetu, ile ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 18: anayekamatwa lazima aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, na aambiwe katika lugha anayoielewa, na kukaa kwake mikononi mwa polisi kusipite saa 48, baada ya hapo aachiwe au apelekwe mbele ya wenye mamlaka ya sheria. Kifungu cha 19: kila mtu ana haki ya kujitetea mwenyewe au kusaidiwa na mtetezi anayemchagua.

Katika lugha anayoielewa. Nimewafundisha watoto wa mji huu miaka mingi, na sijaona maneno mazuri kuliko hayo katika karatasi ya serikali. Kule Kusadikika kufundisha sheria kulikuwa kosa. Hapa si kosa, ni kazi ambayo hatuifanyi. Sahani tunapeleka, maneno hatupeleki.

Kwa sababu ni rafiki, kuna jambo ningemwambia ana kwa ana, maana rafiki usiyeweza kumwambia jambo ni mgeni tu. Ningemwambia: Karama, wajumbe wako sita wote ni wanaume. Pande sita za nchi, na hakuna hata mwanamke mmoja aliyetumwa? Njoo asubuhi kule bandarini uone nani amebeba mzigo. Uone mama na kamba imezunguka paji la uso, gunia mgongoni, amejikunja mpaka anaona vidole vyake vya miguu tu, anapanda mlima ambao gari linapanda kwa taabu. Huyo naye ametumwa. Amekwenda na amerudi na ana la kusema, na baraza halijamwita.

Nadhani Karama angenisikiliza. Mtu aliyeweza kubeba habari za watu sita mbele ya mfalme hawezi kukosa nafasi ya mtu wa saba. Na mwishoni mwa kitabu, kwa wale ambao hawajakisoma na watanisamehe, mfalme anamwacha huru, na habari haziishii kwake peke yake, wale wajumbe nao wanakumbukwa. Wala hakutoa hongo, wala hakumwangukia mtu miguuni. Alitaja tu watu, kwa subira, mpaka waliokaa wakaanza kusikia.

Kwa hiyo mimi nilikwenda kumtafuta wa saba wangu.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Niliuliza njia kwa watoto, wakanipandisha vichochoro nisivyovijua, mpaka kwenye nyumba ya mbao yenye mlango wa bluu. Yule mama alikuwa nje, amekaa kwenye benchi fupi, ametandaza sambaza juani juu ya mkeka, anawapunga nzi kwa tawi. Alinitambua kabla sijamsalimu. Hakuniambia karibu, wala hakuniambia niondoke.

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilimwambia kuhusu bahasha yangu, karatasi nyeupe, kimya cha walimu. Nilimwambia kuhusu dirisha na chaki, na nilichokisema moyoni siku ile, nikamwomba msamaha. Aliendelea kupunga nzi. Halafu nikamwambia kuhusu mzee wa zamu.

Tawi likasimama.

"Alinitaja kwa jina?"

Nikamwambia, kwa jina.

"Mbele ya prefe?"

Mbele ya prefe na walimu wote, mama. Jina lako na la baba yako.

Akatazama ziwa kwa muda mrefu. Kule juu linaonekana lote, mpaka ng'ambo. Kisha akasogea upande mmoja wa benchi, akapangusa mahali pa kukaa kwa kiganja, akasema: "Rudilia tena vile alisema."

Nikakaa, nikaanza tena tangu mzee alipovua kofia.

Aksanti sana kwa kunisikiliza.